Mchangiaji Ana Haki ya Kujua Kiasi, Si Ugonjwa

Katika vijiji vya mteremko wa Mlima Meru, kuanzia Nkoaranga hadi Usa River, ankara kubwa ya hospitali hailipwi na mgonjwa peke yake. Mshili huwaita watu wa ukoo, usharika hukusanya sadaka maalumu, na siku hizi kundi la WhatsApp hufunguliwa hata kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Desturi hiyo imeokoa maisha mengi, na hakuna mwenye akili timamu atakayetaka ife. Hata hivyo, ina gharama isiyoandikwa popote. Mchango unapoombwa, swali la kwanza huwa: anaumwa nini? Jibu hupatikana kwa urahisi, kwa sababu ankara yenyewe hupigwa picha na kutumwa kundini ikiwa na jina kamili, umri, vipimo vilivyofanyika na dawa zilizotolewa. Hata pale ugonjwa usipotajwa, jina la kipimo hutosha kuutangaza.

Mjadala kuhusu gharama za matibabu nchini hujikita katika ukubwa wa deni. Ni mjadala wa haki, lakini unasahau kwamba deni, mwili wa mgonjwa na siri yake ni mambo matatu, na sheria imekwisha kuyatenganisha. Yanayochanganywa ni mazoea ya watu na ya baadhi ya ofisi za malipo.

Kwanza, deni ni deni. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza kwa awamu mwaka 1993, mgonjwa hulipia sehemu ya huduma hata katika hospitali za serikali, isipokuwa makundi yenye msamaha: watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, pamoja na wenye baadhi ya magonjwa kama kifua kikuu na UKIMWI. Asiye na uwezo huonana na afisa ustawi wa jamii ili hali yake ichunguzwe. Hospitali ya kanisa, kama ile ya Kilutheri ya Nkoaranga iliyo chini ya Dayosisi ya Meru ya KKKT, nayo hununua dawa, hulipa umeme na kuajiri wauguzi. Kuitaka itibu bila kulipwa ni kuitaka ifungwe. Ikidai, ina njia: makubaliano ya kulipa kwa awamu, mdhamini, na hatimaye mahakama.

Isichoruhusiwa ni kugeuza wodi kuwa mahabusu. Ibara ya 15 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa mtu dhidi ya kuzuiliwa bila kufuata utaratibu wa sheria, na dirisha la malipo halina mamlaka ya hakimu. Nchini Kenya suala hili liliamuliwa waziwazi mwezi Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kuzuiliwa kwa wanawake wawili katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa sababu ya ankara kulivunja Katiba ya nchi hiyo. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Arusha, lakini mantiki yake haina mpaka: anayedai fedha hupewa njia ya kudai fedha, hapewi mtu. Kuhusu maiti, Wizara ya Afya ya Tanzania imekwisha kuelekeza zaidi ya mara moja kwamba miili isizuiliwe kwa sababu ya deni.

Jambo la tatu, yaani siri, ndilo linalosemwa kidogo kuliko yote. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imekwenda mbali zaidi, kwani inamtaka anayeshughulikia majibu ya kipimo cha VVU ayatunze kwa siri.

Pengo lipo hapa: sheria hizi zinambana mtoa huduma kuliko zinavyombana binamu mwenye simu. Hospitali hukabidhi karatasi moja yenye kila kitu, na karatasi hiyo ikishatoka mlangoni hakuna daktari anayeweza kuirudisha. Hivyo hospitali huweza kutii sheria neno kwa neno, na siri ikavuja jioni ileile.

Dawa yake si ghali. Kila hospitali inaweza kutoa karatasi mbili. Ya kwanza ni ankara yenye mchanganuo kamili, anayopewa mgonjwa mwenyewe au mtu aliyemchagua, ili aweze kukagua kipimo kwa kipimo na kuhoji asichokielewa. Ya pili ni hati fupi ya deni: namba ya faili, jumla inayodaiwa, kiasi kilichokwisha kulipwa, akaunti ya hospitali na muhuri. Hii ndiyo ya kupelekwa kwa mshili, usharikani na kundini.

Wapo watakaosema kwamba wachangiaji wameshawahi kudanganywa, na kwamba bila kujua ugonjwa watakuwa wanatoa fedha gizani. Hofu hiyo ina msingi. Lakini jina la ugonjwa halijawahi kuthibitisha deni. Tapeli anaweza kulitaja kwa ufasaha kuliko mgonjwa. Kinachothibitisha deni ni muhuri, na fedha kulipwa moja kwa moja katika akaunti ya hospitali.

Wengine watasema kwamba katika ukoo hakuna siri, kwani mchango ni wa wote. Wameru wana mfano wa kujibu hoja hiyo. Baada ya kuondolewa Ngare Nanyuki mwaka 1951, walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa mjini New York kuwasilisha malalamiko yao. Katika mchango ule kila mtoaji alistahili kujua kila neno la shauri, maana ardhi ilikuwa ya wote. Mwili wa mgonjwa si ardhi ya ukoo. Akipenda kusimulia maradhi yake ili aombewe, ni hiari yake; asipopenda, ndugu zake hawajapunjwa chochote.

Anayeumia zaidi kwa mazoea haya ni yule mwenye ugonjwa unaonongonwa: mama mwenye fistula, kijana mwenye maradhi ya akili, binti aliyeharibikiwa na mimba. Mtu wa namna hiyo anapopima kama aende hospitali au la, hahesabu shilingi tu. Anahesabu pia masikio. Akichelewa kwa hofu ya masikio, hufika akiwa mahututi, na ankara aliyoiogopa huwa imekua.

Kwa sababu hiyo bima ya afya ni kinga ya siri pamoja na kuwa kinga ya mfuko. Aliyelipa mapema hana haja ya kuomba akiwa kitandani. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 uliitoza kaya ya watu wasiozidi sita shilingi 30,000 kwa mwaka, na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023. Hata hivyo bima nayo ina mlango wake. Fomu ya madai hubeba utambuzi wa ugonjwa na sahihi ya mgonjwa. Asiisaini ikiwa tupu, wala kabla ya kuisoma, kwa kuwa huduma ambazo hazikutolewa huweza kuandikwa juu ya sahihi yake. Na mwajiri anayechangia nusu ya ile asilimia 6 ya mshahara inayokwenda NHIF hanunui kwa fedha hizo haki ya kujua mtumishi wake ametibiwa nini.

Aliyezuiliwa wodini anaweza kumwona msaidizi wa kisheria, ambaye kazi yake inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ambaye taarifa zake zimevujishwa na kituo cha huduma anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini malalamiko huja siri ikiwa imekwisha kusambaa, wala hakuna tume inayoweza kuwafanya majirani wasahau. Ofisi za malipo za hospitali za Meru na Arusha zinaweza kuanza na karatasi ya pili bila kusubiri waraka wa mtu yeyote, na washili na wazee wa usharika wanaweza kuanza na swali jipya: kinahitajika kiasi gani?