Haki Haikuzaliwa na Uhaba



Hapa Mabatini, akina mama wamalizapo darsa, lalamiko moja hurudi: dada wa kazi hapatikani, na akipatikana ana masharti. Anataka kujua mshahara kabla hajafungua mfuko wake wa nguo, na asiporidhika, mwezi ukiisha anahamia mtaa wa pili. Husemwa kuwa ni jeuri.

Si jeuri. Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na asiyebaki shuleni anaweza kushona, kusuka nywele au kuuza dagaa Mwaloni. Wanaomhitaji wamekuwa wengi, na neno lake limepata uzito.

Hali hii si ngeni. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya 1897 ilipowawezesha watumwa wa Unguja na Pemba kudai uhuru wao, wenye mashamba walihitaji mikono isiyolazimishwa tena. Karafuu nazo hazingoji: zisipochumwa kwa wakati huchanua, zikapoteza thamani. Mchumaji, aliyelipwa kwa pishi, akaweza kuchagua shamba.

Lakini Surat al-Qasas yatufundisha zaidi. Mzee wa Madyan alikuwa mkongwe, na mabinti zake ndio walionywesha mifugo. Nabii Musa (a.s.) alimfikia akiwa mkimbizi asiye na kitu. Mzee hakuitumia shida hiyo kumbana. Alimwahidi kumwoza binti yake kwa kazi ya miaka minane, miwili ya ziada akaiacha kwa hiari ya Musa, tena akasema hataki kumtaabisha. Mnyonge alikuwa mfanyakazi, na bado mkataba ulikuwa wa haki.

Huo ndio mtihani wetu. Haki ya binti huyu haikuzaliwa na uhaba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki, hata kama mlangoni wamejipanga wenzake kumi. Na Mtume (s.a.w.) ametuusia kumlipa kabla jasho lake halijakauka.

Basi mketishe leo, mtajie mshahara, tarehe ya malipo na siku yake ya kupumzika. Kisha umkumbuke yule wa zamani, wa enzi walipokuwa wengi, aliyeondoka kimya na mshahara wake haujakamilika. Mtafute. Deni lile halijafutwa.