Viti 80,000 kwa Shule ya Watoto 200



Katika mkutano uliopita wa tawi letu, jambo moja lilituchelewesha kurudi majumbani kuliko hata hoja ya posho ya zamu ya usiku. Lilikuwa suala la kombe la shule za mashambani, lile linalochezwa na watoto wetu wa kambi za chai na wa kiwanda cha sukari. Ndugu mmoja alitoa pendekezo kwamba fainali ya mwaka huu isichezwe tena katika kiwanja chetu cha nyuma ya ghala, bali ipelekwe mjini, katika ule uwanja mkubwa unaochezewa na timu za ligi na timu ya taifa. Nusu ya ukumbi walipiga makofi. Nusu nyingine walicheka.

Tunaandika haya kwa ajili ya wale waliocheka, na pia kwa ajili ya wale waliopiga makofi pasipo kuuliza nani atalipa basi.

Kicheko kilikuwa na sababu yake. Mzee wetu mmoja wa boila alisimama akasema, "Ndugu zangu, shule ya kambi ya tatu ina watoto mia mbili. Mkiwapeleka wote pamoja na mama zao na mbuzi wao katika uwanja ule, mpita njia atadhani ni siku ya kufagia." Ukumbi ulivunjika mbavu, na mwenyekiti akagonga meza mara tatu bila kusikilizwa. Lakini tulipokwisha kufuta machozi ya kicheko tulibaki na swali ambalo mzee hakulijibu. Je, mtoto hupimiwa kiwanja kwa kuhesabu watazamaji wake?

Jambo hili si geni duniani. Liko mahali ambapo limejaribiwa kwa karibu miaka hamsini, tena mahali penye historia ya wafanyakazi wenzetu, nalo ni jimbo la Michigan huko Marekani, kwenye viwanda vya magari. Mpira wao si huu wetu. Ni ule wa kubeba mikononi, wenye umbo linalokaribia yai, wachezaji 11 kila upande wakiwa wamevaa kofia ngumu kama za machimboni na mabega yaliyojazwa pedi. Lakini mashindano ya shule ni mashindano ya shule, na mama anayepiga kelele kwenye jukwaa ni yule yule.

Karibu na Detroit kuna mji uitwao Pontiac, mji wa General Motors. Si mbali na hapo ndiko Flint, ambako wafanyakazi wa kampuni hiyo waligoma kwa kukaa ndani ya kiwanda siku 44, kuanzia mwisho wa Desemba 1936 hadi Februari 1937, mpaka mwajiri akakubali kuzungumza na chama chao. Mwaka 1975 mji wa Pontiac ulifungua uwanja mkubwa ulioitwa Silverdome. Uligharimu dola milioni 55 na zaidi, fedha za umma, na ulikuwa na viti zaidi ya 80,000. Paa lake lilikuwa la kitambaa kigumu lililoinuliwa kwa hewa iliyopulizwa na mashine mchana na usiku, kama puto. (Mwezi Machi 1985 theluji ililemea paa hilo likapasuka, ikabidi timu ya mpira wa kikapu ihamie kwingine. Mafundi wetu wa mashine watafahamu maana ya kitu kinachosimama kwa sababu tu feni haijazimwa.) Uwanja ulijengwa kwa ajili ya timu ya wachezaji wa kulipwa, Detroit Lions. Wapenzi wa kandanda watakumbuka kwamba katika Kombe la Dunia la 1994 mechi kadhaa zilichezwa humo, na Brazil walitoka sare ya bao 1 kwa 1 na Sweden.

Kuanzia mwaka 1976 fainali za shule za sekondari za Michigan zililetwa katika uwanja huo huo. Wala si fainali za shule kubwa za mjini peke yake. Shule ziligawanywa kwa idadi ya wanafunzi, mwanzo madaraja manne kuanzia A hadi D, kisha yakawa manane, na kila daraja lilipata fainali yake katika majani yale yale ya bandia, chini ya taa zile zile. Shule ya D inaweza kuwa shule ya kijiji cha misitu au cha machimbo ya chuma kule kaskazini. Chukua kijiji cha watu 800. Wakihama wote siku ile, wakafunga duka na kanisa, wakaingia katika uwanja wa viti 80,000, watakalia kiti kimoja katika kila viti mia. Mzee wetu wa boila angefurahi kuona picha hiyo.

Basi mbona waliendelea? Sababu ya kwanza si heshima wala fahari, ni hali ya hewa. Mashindano yao huishia mwisho wa Novemba, na Michigan mwisho wa Novemba ni baridi na theluji. Ukicheza nje, mtazamaji anaganda na mchezaji anateleza. Sababu ya pili ni ya kazi. Majani ya bandia huweza kuchezewa mechi nne kwa siku moja, na kesho yake nne nyingine, bila kugeuka tope. Hapa kuna somo kwa waliopiga makofi. Uwanja wetu wa mjini ni wa nyasi za kweli, na kombe letu humalizika wakati wa mvua. Ukiingiza humo mechi zote kuanzia robo fainali, hiyo fainali itachezwa ndani ya jaruba la mpunga, na watunza uwanja watatulaani kwa haki kabisa. Fainali peke yake, sawa. Mechi nyingine zote zibaki kwetu nyuma ya ghala, ambapo watu wa zamu ya mchana wanaweza kuchungulia wakitoka kazini.

Lakini ipo sababu ya tatu, nayo ndiyo iliyotufanya sisi tuhame kutoka upande wa wanaocheka. Madaraja yote yalipewa mahali pamoja. Mtoto wa shule ya D alivaa jezi katika vyumba vile vile alimovalia mtoto wa shule ya A. Alipiga teke mpira katika goli lile lile lililotumiwa na wachezaji wanaolipwa mamilioni. Hakuambiwa, "Wewe wa kijijini, fainali yako itakuwa Jumatano, kwenye kiwanja cha polisi, na njoo na maji yako." Sisi tunaoishi kambini twajua maana ya kupewa kitu cha daraja la pili kwa hoja kwamba sisi ni wachache. Zahanati haina daktari kwa kuwa sisi ni wachache. Barabara haina lami kwa kuwa sisi ni wachache. Kila mara hesabu hufanywa na mtu mwingine, na kila mara sisi huwa wachache.

Tazameni pia jinsi mambo yalivyokwenda baadaye. Baada ya msimu wa 2001 Detroit Lions waliondoka Pontiac, wakaenda uwanja mpya, Ford Field, katikati ya Detroit, wenye viti vipatavyo 65,000. Mji ulibaki na jumba kubwa lisilo na mpangaji. Nani walibaki wakicheza humo? Watoto wa shule. Fainali zao ziliendelea Pontiac hadi 2004, ndipo nao wakahamia Ford Field mwaka 2005. Timu ya matajiri, ambayo kwa ajili yake wananchi walibeba deni, ndiyo iliyotangulia kufunga virago. Mwaka 2009, viwanda vya magari vikiwa vinafungwa na mji ukiwa chini ya msimamizi wa fedha aliyewekwa na jimbo, Silverdome iliuzwa kwa mnada kwa dola 583,000. Pigeni hesabu: ni kama senti moja tu kwa kila dola iliyotumika kuujenga. Desemba 2017 walitega baruti kuuangusha, na mara ya kwanza nguzo zilikataa kuanguka. Ikabidi warudie kesho yake. Leo mahali pale pana ghala kubwa la kampuni ya Amazon.

Hatusemi haya ili kuwasikitikia Wamarekani, nao wana wa kuwasikitikia. Tunasema kwa kuwa viwanja vikubwa vya sehemu zetu, kama Kasarani uliofunguliwa 1987, Namboole 1997, au ule wa Dar es Salaam wa 2007 wenye viti 60,000, vyote ni mali ya umma. Vilijengwa kwa msaada wa China na kwa kodi ya wananchi, na kodi ya wananchi ni pamoja na ile inayokatwa katika bahasha zetu kabla hatujaiona. Mwenye nyumba akiomba kuingia sebuleni mwake siku moja kwa mwaka haombi sadaka.

Sasa tuseme ukweli wa upande wa pili, kwa maana mzee wa boila si mjinga. Huko huko Michigan, shule nyingi ndogo zimezidi kuwa ndogo. Machimbo yalipungua kazi, vijana wakahama, na shule ikakosa hata wavulana 11 wa kusimama uwanjani. Badala ya kufuta timu, wakaanza mchezo wa wachezaji wanane kila upande, na tangu 2011 wanao ubingwa wao. Fainali za hawa wa wanane hazikupelekwa Ford Field. Kuanzia 2017 zimekuwa zikichezwa Marquette, kaskazini kabisa, katika ukumbi wenye paa la mbao uliofunguliwa 1991 na wenye viti vipatavyo 8,000. Na wapo wanaosema kwamba humo ndimo penye raha, maana vijiji viwili vikikutana ndani ya ukumbi wa namna hiyo kelele hugonga mbao na kurudi, na mchezaji anamsikia shangazi yake akimwita jina. Hoja hii ina uzito, tunakiri. Uwanja mtupu una mwangwi wa ajabu, na mtoto aliyezoea kuzungukwa na watu hatua mbili kutoka mstarini anaweza kujiona yuko jangwani.

Lakini angalieni tena ramani. Marquette iko zaidi ya kilomita 700 kutoka Detroit, na shule za kusini zikifika fainali lazima zivuke daraja la Mackinac na kusafiri siku nzima. Kwa hiyo hata uwanja mdogo una gharama yake, na gharama hiyo humwangukia mzazi. Swali la basi haliepukiki popote uendapo.

Basi tuje kwenye basi. Kutoka kambi ya tatu hadi mjini ni saa nne kama barabara haijakatika. Watoto, walimu, na wazazi watakaopenda kwenda: tunahitaji mabasi matatu, si lori. Tumechoka kuona watoto wetu wakibebwa kama miwa. Wapo waliosema fedha zitoke katika mfuko wa tawi. Sisi tunapinga. Mfuko ule ni wa msiba na wa mgomo, na haujawahi kuwa mkubwa. Wapo waliosema kuna kampuni ya vinywaji iliyo tayari kulipa kila kitu. Hapo tunawaomba ndugu zetu wafikiri mara mbili. Anayelipa kila kitu atataka jina lake kifuani mwa watoto na bendera zake pande zote, na mwakani asipoona faida hatakuja, nasi tutakuwa tumekwisha kusahau jinsi ya kuendesha kombe letu wenyewe. Watu wa Pontiac wangeweza kutueleza juu ya mgeni wa namna hiyo.

Maoni yetu ni kwamba mwajiri atoe mabasi, kwa kuwa shule zile ni za watoto wa watu wake na yeye mwenyewe hupenda kuzitaja katika taarifa yake ya mwaka. Wizara iombwe kusamehe kodi ya uwanja kwa siku moja. Kiingilio kisiwepo. Na jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja mkutanoni: siku ile wafagiaji, walinzi na watunza nyasi wa uwanja wa mjini watafanya kazi ya ziada. Nao ni wafanyakazi. Haifai sisi tukafurahi juu ya migongo yao eti kwa kuwa ni sherehe ya watoto. Malipo yao ya ziada yaandikwe katika barua ile ile ya maombi, tena aya ya kwanza.

Kuhusu viti vitupu, dawa yake ni rahisi. Tusiwatawanye watu. Wote wakae jukwaa moja, upande wenye kivuli, karibu na mstari, na ngoma ya kambi ya tano ikae katikati yao. Majukwaa mengine yafungwe, nayo hayatalia. Na fainali ya shule kubwa za mjini iombwe kuchezwa siku hiyo hiyo, mara baada ya yetu, ili watoto wao waje mapema wawaone wetu.

Tulimwuliza mtoto mmoja, mlinda mlango wa kambi ya tatu, kama anaogopa uwanja mkubwa. Alifikiri kidogo, akauliza kama ni kweli goli la kule lina wavu.

Kura itapigwa Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, saa kumi alasiri, katika ofisi ya tawi. Wajumbe wa kambi ya tatu na ya tano waje na orodha ya wasafiri. Mzee wa boila amekwisha kutuambia kwamba yeye atapiga kura ya kukataa, ila kama tukishinda anataka kiti cha mbele.