Tuhamishe Barua, Si Beti Pekee

Washairi wengi wa rika langu wamebadilisha kompyuta mara kadhaa tangu barua pepe ilipochukua nafasi ya bahasha. Wanapohama, hufungua barua za zamani, wakanakili beti na kuzibandika katika waraka mpya. Kisha kompyuta kuukuu huachwa stoo, nao husema wamehama salama. Kwa maoni yangu, wamechukua nusu tu ya mali.

Barua hubeba tarehe, jina la mtumaji na la mpokeaji. Katika malumbano ya kishairi mambo hayo ni sehemu ya maana, kwani jibu lisilojulikana lilimjibu nani hubaki fumbo. Aidha, barua ndiyo hueleza kwa nini mtunzi aliacha neno hili akashika lile ili mizani itimie. Katika miaka yangu ya kufundisha sekondari, swali la wanafunzi lilikuwa lile lile: shairi hili lilitungwa kwa kisa gani? Beti peke yake hazijibu.

Tumkumbuke Muyaka bin Haji. Diwani yake iliyohaririwa na Hichens ilichapishwa mwaka 1940, karibu karne moja baada ya kifo chake. Tungo hizo zilitufikia kwa sababu William Taylor alizikusanya Mombasa katika karne ya 19, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, mjuzi wa lugha na wa ushairi ule. Sisi hatuna haja ya kumsubiri Sikujua wetu, maadamu barua zenyewe tunazo.

Kazi yenyewe haihitaji fundi. Chukulia mtu anayetoka Windows kwenda Linux. Barua ambazo Outlook imezihifadhi ndani ya kompyuta mara nyingi hukaa katika faili la aina ya PST, ambalo halisomeki kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Thunderbird, kwa kawaida, huhifadhi barua za folda moja katika faili la mbox, yaani maandishi ya kawaida, barua moja ikifuata nyingine. Basi Thunderbird iwekwe kwanza katika kompyuta ile ile ya Windows yenye Outlook, iingize barua, kisha folda zake zinakiliwe na kupelekwa Linux. Njia nyingine ni IMAP: barua hupandishwa kwenye seva kutoka programu ya zamani, na programu mpya huzikuta huko.

Baada ya kuhama, tukague kama tunavyokagua vina. Tuhesabu barua za kila folda, kule na huku, na tufungue viambatisho. Hasa tutazame ritifaa. Iliyopinda, ikisomwa kwa usimbaji usio wake, huweza kugeuka alama tatu za ajabu, na ng'ombe wa mshairi asitambulike. Tungo za hati za Kiarabu huweza kuharibika zaidi, hata isibaki herufi inayosomeka. Kompyuta ya zamani isifutwe kabla ya ukaguzi huo kwisha.

Wapo wasemao kwamba barua zina siri za nyumbani, hivyo ni heri zife na kompyuta. Hoja hiyo ina uzito, lakini kuhifadhi si kuchapisha. Mwenye barua anaweza kutenga folda ya ushairi na kuacha mengine yaende zake. Asichokuwa na haki nacho, naona, ni kuiachia kompyuta mbovu imfanyie uamuzi huo, kwa kuwa barua za mwenzake wa malumbano zimo humo pia, na huenda mwenzake huyo hana nakala nyingine.

Kwa hiyo nawasihi washairi wenzangu: kabla ya kununua kompyuta mpya, hamisheni barua wakati ile ya zamani ingali inawaka.