Masomo ya mazingira Butembo na Beni: bila tereni, diplome inabaki karatasi

Kila mwaka vijana wanajiandikisha kwenye vyuo vikuu vya Butembo na Beni kusoma agronomia, misitu ao mazingira. Wazazi wanauza kahawa, kakao, hata ng'ombe, ili minervale ipatikane. Swali ni hili: mutoto atajua kupima maji na udongo, ao atajua tu silabusi?

Mazingira si somo la kukariri. Chukua ugonjwa wa kunyausha migomba, ambao ulionekana Masisi mwaka 2001 na kuenea katika Kivu. Silabusi inasema ni bakteria. Lakini shambani mwanafunzi anakata shina na kuona maji ya njano yanatoka; anapasua ndizi ambayo haijakomaa na kuona ndani imekuwa kahawia. Anajifunza kuondoa ua la kiume kwa muti wenye panda, si kwa kisu, na kupitisha panga kwenye moto mbele ya kugusa mugomba mwingine. Mambo hayo yanaingia kwa mikono na macho.

Sasa tereni yenyewe imefungwa. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamefuatana katika teritware ya Beni, na ADF ndio wanatajwa zaidi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iko chini ya hali ya dharura, pamoja na Ituri. Mualimu anayejali uhai wa wanafunzi wake hawezi kuwapeleka msituni upande wa Mbau ao Eringeti. Matokeo yake tunayaona: msitu ulio karibu nasi unabaki bila watu wa kuupima, wakati miti inakatwa.

Lakini kwetu kuko mufano wa njia nyingine. Huko Tayna, teritware ya Lubero, mamwami wa Batangi na Bamate walikubaliana kulinda msitu wa sokwe pamoja na wakaaji. Serikali ilitambua hifadhi hiyo mwaka 2006. Kando yake, Kasugho, kukaanzishwa chuo cha kufundisha uhifadhi wa viumbe, ili watoto wa hapo hapo wasomee msitu wao. Wazo lilikuwa wazi: darasa liende karibu na kitu kinachosomwa.

Kama msitu hauendeki, muji unaendeka. Mto Kimemi unapita katikati ya Butembo. Mwanafunzi anaweza kuchukua maji mbele ya soko na nyuma ya soko, kulinganisha, na kuhesabu vidudu vinavyoishi chini ya mawe: vikipungua, mto unaumwa. Anaweza kufanya kipima mvua kwa chupa iliyokatwa, kupiga vijiti kwenye mteremko na kuona udongo unashuka kiasi gani kisha mvua, ao kuhesabu magunia ya makala yanayoingia muji kila asubuhi. Hesabu za mwaka mumoja zingesaidia hata meya kujua wapi erozyo inakula nyumba.

Mufumo wa LMD, uliowekwa na sheria ya 2014 juu ya elimu ya taifa, unataka mwanafunzi afanye kazi yake mwenyewe, si kusikiliza tu. Lakini sheria hainunui termometa wala hailipi moto ya kwenda shambani. Kama gharama hiyo inaachiwa mwanafunzi, mwenye pesa ndiye atasoma, mwengine atakopi ripoti ya mwenzake.

Kwa hiyo, muzazi, siku ya kuandikisha mutoto usiulize bei peke yake. Uliza: mwaka huu watatoka darasani mara ngapi? Wataenda wapi, na nani atalipa? Na vipimo watakavyoleta vitawekwa wapi, ili wakaaji wa mtaa nao wavione? Chuo chenye jibu la maswali hayo kinastahili pesa ya kakao yako.