Mtoto Anayeinamisha Macho



Mwezi huu nataka twende mbali, mpaka Nyuzilandi, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Pasifiki. Huko wapo watu waitwao Wapasifika, yaani wale ambao asili yao ni Samoa, Tonga, Niue, Tokelau, Fiji, Visiwa vya Cook na vinginevyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2023 walikuwa 442,632, karibu watu 9 katika kila 100. Wengi wao wamezaliwa papo hapo. Wazee wao walikuja kufanya kazi za viwandani baada ya Vita Vikuu vya Pili, na katika matumaini waliyokuja nayo, kubwa lilikuwa watoto wasome.

Basi watoto wakaingia skuli. Mtoto wa Kisamoa hufunzwa nyumbani tangu udogo kwamba mkubwa akisema yeye hunyamaza, akikemewa huinamisha macho, wala hamsaili mkubwa maneno kama anayemhoji. Hiyo ni heshima, na wenyewe huiita fa'aaloalo. Mtoto huyo akutana na mwalimu wa asili ya Kizungu, ambaye kwake yeye mtoto msikivu ni yule amtazamaye usoni na kunyosha mkono kuuliza. Mwalimu akemea, mtoto aangalia chini, mwalimu azidi kughadhibika, asema, "Nitazame ninaposema nawe!" Amwuliza kama amefahamu, naye aitikia kwa kichwa, maana kusema "sikufahamu" aona ni kama kumwambia mwalimu kwamba hajui kufundisha. Mwisho wa muhula huandikwa kwamba mtoto ni mzito, hana hima.

Msimcheke mwalimu yule. Mimi nimefundisha chuoni miaka mingi, watoto wa adabu kama hii, na naungama kwamba kunyamaza kwao kumenihadaa mara nyingi. Nilidhani wamefahamu, kumbe wananistahi tu.

Lakini huko Nyuzilandi kosa hili lina gharama yake. Skuli nyingi zimezoea kuwagawa wanafunzi, wanaodhaniwa werevu mbali na wanaodhaniwa wazito mbali, na watoto wa Kipasifika, pamoja na wa Kimaori, wamekuwa wakirundikana katika madarasa ya chini. Aliyewekwa huko hupewa hesabu nyepesi mwaka hata mwaka. Afikapo umri wa kutaka chuo kikuu, akuta masomo yanayotakiwa hakupata kufundishwa. Adabu aliyofunzwa na mamake ndiyo iliyomponza.

Utauliza, wazazi wako wapi? Kati ya mwaka 1974 na 1976 polisi wa nchi ile walikuwa wakivamia nyumba za Wapasifika alfajiri, wakitafuta waliopitisha muda wa vibali vyao, hali wageni wa Kizungu waliopitisha muda hawakuandamwa vile. Serikali iliomba radhi kwa hayo tarehe 1 Agosti 2021, kwa kinywa cha Waziri Mkuu Jacinda Ardern. Mtu aliyegongewa mlango namna ile, sioni ajabu akisita kwenda kukaa mbele ya mwalimu mkuu. Kisha wako wanaofanya kazi za usiku. Asubuhi skuli inapowaita, wao ndio kwanza wanalala.

Wasamoa wana neno, va. Maana yake ni ile nafasi iliyo baina ya mtu na mtu. Nao hawaihesabu kuwa ni pengo, bali ni kitu kinachowaunga. Teu le va ni kuitunza nafasi hiyo isichafuke. Wataalamu wa Kipasifika wamelichukua neno hili wakaliingiza katika mambo ya elimu, na mwaka 2018 Wizara ya Elimu ya huko ilitoa mwongozo wa walimu uitwao Tapasā, maana yake dira. Mwongozo huo wawataka walimu wawajue watoto hawa kwa lugha zao na mila zao, na wajenge uhusiano wa heshima nao, na jamaa zao, na watu wa kwao. Huanza kwa mambo madogo: kulitamka jina la mtoto sawasawa, kujua ni wa kisiwa gani (maana Mtonga si Msamoa), kumwuliza faraghani alilolishindwa badala ya mbele ya wenziwe.

Walakini yuko mwalimu mwingine ambaye mimi namwogopa zaidi kuliko yule mkali. Huyu awapenda watoto, acheka nao, ajua nyimbo zao, na kwa huruma yake awasamehe kazi ngumu: "Maskini, kwao wana shida nyingi." Mtoto ampenda, na amaliza skuli hajui kitu. Va haikutunzwa hapo. Mwalimu aliyemjua mtoto kweli humrudishia daftari mara ya pili na ya tatu, na mtoto haoni ameonewa, kwa kuwa ajua huyu amtakia nini.

Na wa kuanza ni mwalimu. Walimu wenye asili ya visiwa ni wachache mno mbele ya wingi wa wanafunzi hao, kwa hivyo aghlabu anayetakiwa kuanza ni mgeni wa mila ile. Mtoto hawezi kuanza yeye. Adabu yake yamkataza.