Mti wa Ukoo Katika Somo la Historia

Katika mazoezi ya kufundisha yaliyopita tulikaa nyuma ya darasa la sita, katika shule moja ya msingi wilayani Muleba, tukimsikiliza mwalimu mwanafunzi wetu. Aliwagawia watoto karatasi yenye mchoro wa mti wa ukoo, akawataka wajaze majina ya baba, babu na baba wa babu, pamoja na mwiko wa ukoo. Msichana mmoja aliziacha nafasi hizo wazi. Pembezoni mwa karatasi, mahali pasipo mstari, aliandika jina la mama yake, la bibi anayemlea, na la mama wa bibi huyo. Alipewa alama 3 katika 10. Hapana budi tukiri kwamba karatasi ile haikutungwa na mwalimu mwanafunzi. Tuliitunga sisi wakufunzi.

Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zilipoteza watu wa umri wa kati, yaani wale wale ambao wangepokea habari za ukoo kwa wazee na kuwapa watoto. Bibi akabaki na mjukuu. Yatima wa miaka ile leo ni wazazi, na wako ambao kuhusu upande wa baba hawana la kusimulia ila jina na mwiko. Karatasi yenye nafasi za wanaume peke yao huwauliza watoto wa nyumba hizi kile hasa walichonyang'anywa, na kuacha kile walicho nacho.

Si kwamba Buhaya haina historia iliyoandikwa. Francis Lwamgira alichapisha habari za Kiziba na Abakama wake kwa Kihaya mwaka 1949. Lakini babu wa wanafunzi wetu walio wengi hakuwa Mukama, na habari zake zimo vinywani tu. Huko Ayalandi, jengo la kumbukumbu za taifa mjini Dublin liliteketea mwaka 1922 pamoja na nyaraka za karne nyingi. Tangu hapo anayetafuta wahenga wake hulazimika kuokoteza katika vitabu vya parokia, maandishi ya makaburini na masimulizi ya wazee. Njia hizo tunazo nasi. Misheni ya Kashozi ilianza mwaka 1892, na vitabu vya ubatizo huandika majina ya wazazi na msimamizi. Makaburi yamo kibanjani, hatua chache kutoka mlangoni. Mwalimu awatume watoto waulize: nani amelala hapa, alitoka wapi, nani alimfuata?

Wapo wanaodharau masimulizi kwa kuwa hayana tarehe. Hao tungependa wafike Katuruka, karibu na Maruku. Wazee wa hapo walisimulia kwamba palipo mti wa Kaiija palifuliwa chuma zamani za kale. Mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt aliwasikiliza, akachimba hapo karibu na mwaka 1970, akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000.

Hata hivyo mwalimu asiingie katika kazi hii kwa pupa. Kwetu kaburi na jina la babu ni ushahidi wa kibanja, na daftari la mtoto laweza kujikuta barazani katika kesi ya ardhi. Kwa hiyo kila habari iandikwe pamoja na jina la aliyeisimulia na siku aliyoisimulia. Wajomba wakipingana, maneno ya wote wawili yaandikwe bega kwa bega, wala mwalimu asijifanye hakimu. Nakala ya kwanza ni ya familia. Shule ihifadhi kile tu ambacho familia imeridhia kisomwe na wengine. Na kilichosemwa kwa Kihaya kiandikwe kwanza kwa Kihaya. Tafsiri ya Kiswahili ifuate baadaye, maana majina ya watu na ya mahali hubeba habari ambazo mtoto akiharakisha kutafsiri huzimwaga.

Tutaambiwa kwamba muhtasari umejaa na mtihani hauulizi haya. Ni kweli. Lakini tunaomba vipindi viwili tu kwa muhula, na bibi wa kuulizwa hangoji muhtasari ubadilishwe.

Karatasi yetu tumeibadili. Mchoro umeondolewa, na swali la kwanza sasa ni hili: Nani anakulea, na yeye alilelewa na nani? Zile alama 3 tulimwomba mwalimu azifute. Daftari la msichana yule limefika kurasa nne, nazo zinakomea kwa mwanamke aliyekuja Kamachumu kwa miguu alipoolewa. Kijiji alikotoka bibi hajakikumbuka bado, na nafasi yake imeachwa wazi.