Rekebisha unachoweza kufungua

Niseme ukweli mapema ili tusipotezeane wakati: sehemu kubwa ya vifaa vinavyouzwa kwa wenye magari ya porini ni mapambo. Gari la kukutoa Kibwezi hadi vijiji vya upande wa Mto Athi na kukurudisha halihitaji vifaa vya laki tatu. Linahitaji mwenye gari anayejua kwa nini kila kitu kimewekwa pale kilipo.

Lakini kuna ugonjwa wa upande wa pili pia. Kuna watu wanaoamini kwamba kitu chochote kikishachomelewa na kupakwa rangi nyeusi, basi huo ni ubunifu. Hapana. Kingine ni ubunifu, kingine ni jeneza lenye magurudumu manne. Leo nataka tuchore mpaka kati ya hivyo viwili.

Kwa wasiolijua eneo letu: Kibwezi iko kando ya barabara kuu ya Mombasa, Kaunti ya Makueni. Upande wa magharibi kuna vilima vya Chyulu, na miamba yake ya lava hukata ubavu wa tairi kama wembe. Upande wa mashariki unateremka kuelekea Athi, kwenye joto, vumbi jekundu na mito ya mchanga ambayo hukauka miezi mingi kisha hujaa usiku mmoja. Barabara ya kwenda Kitui kupitia Mutomo ilipata lami, tunashukuru, ila ukiiacha kilomita chache tu unarudi kwenye mawe na mabonde yale yale.

Na huku gari la porini si mchezo wa wikendi. Ukiwa na gari la magurudumu manne yanayovuta, wewe ndiwe ambulensi ya kijiji. Jirani akishikwa na uchungu wa kuzaa saa nane usiku, mlango unaogongwa ni wako, na safari ni ya hospitali ya Makindu. Kwa hiyo unapofungua boneti na kuanza ujanja wako, kumbuka kwamba si roho yako peke yake unayoichezea.

Maswali mawili

Mimi ni mwandishi wa programu, nilisomea sayansi ya kompyuta. Katika kazi yetu hakuna mtu mwenye akili timamu anayebadilisha mfumo unaotumiwa na wateja bila kuweka nakala ya zamani. Mambo yakiharibika, unarudisha ya jana, unakunywa chai, unaanza tena. Gari halina kitufe cha kurudisha ya jana. Grenda ikishakata chuma, kimekatika.

Kwa hiyo kabla ya kugusa Suzuki yangu kuukuu (ya kabureta, springi za majani pande zote nne) najiuliza maswali mawili tu:

1. Kitu hiki kikiharibika njiani, nitachelewa au nitazikwa?
2. Naweza kukitoa kwa spana, na gari likawa kama lilivyokuwa?

Jibu likiwa "nitachelewa" na "ndiyo", nakwenda jua kali na pesa kidogo mfukoni na roho safi. Jibu likiwa "nitazikwa", nanunua kifaa halisi, na kama sina pesa nasubiri.

Yanayofaa, na ni rahisi

*Upepo wa tairi.* Hili ni la bure kabisa na linashinda yote. Ukifika kwenye mto wa mchanga, punguza upepo kutoka psi 30 hadi kama 18. Tairi inatandazika, inakanyaga eneo refu zaidi, na uzito wa gari unagawanyika badala ya kuchimba shimo. Usishuke chini ya 15, tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Ukitoka mchangani jaza tena kabla ya kukimbia, maana tairi yenye upepo mdogo hupata joto na kupasuka. Pampu ya mguu inatosha, ingawa utatoa jasho.

*Mipira ya kupumulia ya difu.* Watu wengi hawajui hata kwamba difu inapumua. Juu ya ekseli kuna tundu dogo la kutoa hewa. Ukiendesha, difu inapata joto. Ukiingia majini ghafla inapoa, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta kilicho karibu, na kilicho karibu ni maji. Oili inageuka kama chai ya maziwa na baada ya muda unanunua difu nyingine. Dawa yake ni mita chache za mpira wa petroli na klipu mbili: vuta mpira kutoka kwenye tundu hilo hadi juu ndani ya boneti. Mimi haikunifikia shilingi 500. Kama kuna rekebisho moja ningemlazimisha kila mtu afanye, ni hili.

*Bamba la kukinga sampu.* Kwa mawe ya Chyulu hili si anasa. Kipande cha bamba la chuma kutoka kwa wauza vyuma chakavu, kikatwe, kikunjwe, kitobolewe matundu ya kumwagia oili. Lakini kifungwe kwa bolti! Ukichomelea kwenye chesisi, siku ya kubadilisha oili utajuta, na joto la kuchomelea linadhoofisha chuma cha chesisi chenyewe.

*Ubao wa jeki.* Kipande cha mbao ngumu, sentimita 30 kwa 30, unene wa sentimita 5. Bila huo, jeki mchangani haiinui gari, inajizika yenyewe. Karibu nao weka kamba za mpira zilizokatwa kwenye tyubu kuukuu, zile wanazofungia mizigo watu wa bodaboda. Hakuna kamba ya dukani inayofunga mtungi wa maji vizuri kama hizo.

*Kengele ya joto.* Hili ni la kwetu sisi wa kompyuta. Geji ya joto ya magari mengi ya zamani inapima maji. Sasa paipu ikipasuka maji yakaisha, kihisi kinabaki hewani na geji inaweza kukuonyesha kwamba kila kitu ni shwari, huku silinda hedi ikipinda. Nilichukua kihisi cha DS18B20 (kinapima hadi nyuzi 125), nikakifunga chini ya bolti kwenye chuma cha hedi, nikakiunganisha na kibodi kidogo cha Arduino na kengele. Umeme unatoka kwenye chaja ya simu ya gari, kwa sababu umeme wa gari si volti 12 tulivu kama wanavyodhani watu: injini ikiwaka unapanda hadi 14 na zaidi, na huruka ovyo. Wiki mbili za kwanza nilirekodi tu joto la safari za kawaida, kisha nikaweka kengele ilie nyuzi 10 juu ya kipimo kikubwa nilichokiona. Programu haifiki mistari 50, vifaa havikufika shilingi 2,500. Na ikifa, geji ya kiwandani ipo pale pale, haijaguswa.

Ya katikati: snokeli ya paipu

Hapa ndipo ubishi ulipo. Snokeli ya paipu za PVC ni rahisi, na kwa vumbi letu inasaidia kweli, kwa kuwa hewa ya usawa wa paa ni safi kuliko ya usawa wa bampa. Filta inakaa muda mrefu zaidi. Sina neno na hilo, mradi paipu isipite karibu na ekzosi, maana PVC hulegea kwa joto.

Tatizo ni mtu akishaiona pale juu anaanza kujiona nahodha. Kwa maji, kila kiungo kati ya paipu na injini lazima kisipitishe hewa hata chembe. Kiungo kimoja kikivuja, injini inavuta maji, na maji hayabanwi kama hewa. Pistoni inagonga ukuta, mkono wake unapinda, injini imekwisha.

Tena hata ikikaza vizuri, kuna hesabu ambayo snokeli haiibadilishi. Chukua gari dogo lenye sakafu ya mita 3 kwa 1.4. Hiyo ni mita mraba 4.2. Maji yakipanda sentimita 10 juu ya sakafu kabla hayajaingia ndani, yanainua gari kwa nguvu ya kilo 420. Yakipanda sentimita 20, kilo 840. Suzuki ndogo kama yangu ina uzito wa kilo 800 na kitu. Maana yake tairi hazikanyagi tena chochote, na mkondo unakupeleka unakotaka wenyewe. Gari kubwa linachelewa kidogo tu.

Tarehe 4 Desemba 2021, katika Mto Enziu karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui, basi lilisombwa likijaribu kuvuka maji ya mafuriko. Abiria, wengi wao wanakwaya, walikuwa wakienda harusini. Zaidi ya watu 30 walikufa. Lile lilikuwa basi, lenye uzito wa tani kadhaa. Sasa wewe na paipu yako ya choo unataka kuthibitisha nini? Mto ukijaa, zima gari, keti, subiri. Mito yetu hujaa haraka na mara nyingi hupungua haraka vile vile.

Yasiyofaa hata kwa bure

Kuinua gari kwa vipande vya chuma au mbao juu ya springi. Naona Probox zimenyanyuliwa hivi kila siku. Uzito unapanda juu, gari linakuwa jepesi kupinduka. Sivi jointi zinafanya kazi kwa pembe isiyo yake, mipira ya breki inavutika. Ukiongeza na tairi kubwa, breki zile zile sasa zinapambana na gurudumu lenye nguvu zaidi ya kuzishinda. Swali la kwanza limejibiwa hapo.

Kuchomelea chochote kwenye usukani au majani ya springi. Chuma cha springi kilipikwa kiwandani kwa joto maalumu. Moto wa kuchomelea unaharibu mapishi hayo, na kitavunjika bila kukupigia hodi.

Taa za ziada zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Waya ukichubuka ukagusa bodi, gari linawaka. Fyuzi na rilei ni pesa kidogo sana.

Kuvutana kwa kamba ya mkonge. Najua tuna shamba kubwa la mkonge hapa nyumbani, na kamba yake ni nzuri kwa ng'ombe. Kwa gari lililozama, nunua kamba ya kuvutia iliyoandikwa uzito inaoubeba, funga kwenye chesisi, na utandike gunia lenye mchanga katikati ya kamba. Ikikatika, gunia litaiangusha chini badala ya kuiacha iruke usoni mwa mtu.

"Lakini kwenye Rhino Charge wanafanya!"

Kila nikisema haya naambiwa hivyo. Ni kweli, tangu 1989 mashindano hayo yameonyesha magari ya ajabu, na pesa zake zilisaidia kujenga ua wa Aberdare wa kilomita 400 uliokamilika 2009. Lakini tazama vizuri. Anayeshinda kule si mwenye mbio, ni anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wengine. Wamevaa kofia ngumu, ndani kuna fremu ya chuma ya kuwakinga likipinduka, na waokoaji wako karibu. Wewe umenakili urefu wa gari ukaacha fremu, kisha unalikimbiza kilomita 100 kwa saa kwenye barabara ya Mombasa ukiwa na abiria sita.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa Joginder Singh. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 kuukuu, iliyokuwa imeshindanishwa mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi. Hawakushinda kwa kurundika vifaa juu ya gari, walishinda kwa gari la mtumba lililoandaliwa na mtu anayelielewa.

Ombi langu

Mafundi wetu wa jua kali wanajua mambo mengi kuliko video nyingi za mtandaoni. Shida ni kwamba ujuzi huo hauandikwi. Fundi akihama, au gari likiuzwa, anayefuata hajui waya huu wa bluu unakwenda wapi wala kwa nini bolti hii ni ndefu. Sisi waandishi wa programu tunalijua teso hilo vizuri sana.

Basi nunua daftari la shilingi 50, liweke kwenye dashibodi. Kila rekebisho: tarehe, nini kimebadilishwa, kwa nini, na namna ya kukirudisha. Kama unashindwa kuandika namna ya kukirudisha, hiyo ni ishara kwamba hukupaswa kukifanya. Langu lina kurasa 11 sasa, na fundi wangu ameanza kuliomba kabla ya kushika spana.

Haya mbaitu, mvua za Novemba haziko mbali. Kaangalie mipira ya difu.